Kombania ya Tatu Ilikuwa Wapi

Umbilo, Durban
3 Machi 1998

Yaya Agathe,

Zile salamu ndefu za mwanzo wa barua, za afya na hofu na mashaka, wewe zijaze mwenyewe. Mimi iko na habari kubwa na karatasi ni chache. Nimepata kazi. Usianze kumshukuru Mungu kabla hujajua ni kazi gani: napeleka jeshi la Wajerumani Urusi.

Unacheka, dada yangu. Ngoja.

Unajua kule Uvira nilivyokuwa nachora vibao, na baba akasema herufi hazijazi tumbo. Bon, hapa kuna Mkongo mwenzetu, Cathy, iko na saluni Umbilo Road. Nikamchorea kibao: vichwa sita, kila kichwa na mtindo wake, na jina la saluni kwa herufi nyekundu zenye kivuli. Watu wakawa wanasimama. Siku moja akasimama mzungu mzee na fimbo yake, anaangalia kibao, lakini vichwa havimhusu, yeye mwenyewe hana nywele. Anaangalia herufi. Akaingia, akauliza nani aliandika. Cathy akadhani ni mtu wa manispaa, akasema hamjui. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na brashi mkononi.

Anaitwa Eberhard Tiedke. Ana miaka sabini na nane. Alikuja nchi hii mwaka 1952, akatengeneza mashine za viwanda vya sukari kwenye karakana moja ya Mobeni mpaka akastaafu. Mke amekufa. Anakaa peke yake ghorofa ya pili, na mikono inamtetemeka hata kikombe kinaongea. Wakati wa vita ile kubwa alikuwa askari wa divisheni moja ya miguu. Yaya, mimi nilidhani Wajerumani walikwenda Urusi ndani ya vifaru. Kumbe walitembea. Watu elfu kumi na saba na farasi elfu tano, wanatembea miezi mitatu, buti zinakwisha njiani. Hata sisi tuliotoka Uvira kwa miguu hatukuwafikia.

Sasa wazee wa divisheni hiyo waliobaki wanatoa kitabu cha historia yao kabla hawajaisha wote. Kila mmoja amepewa kipande. Mzee Tidike (ndivyo ninavyomwita) amepewa kombania ya tatu ya kikosi chake, kwa sababu alikuwa karani wake. Kila jioni alikuwa anaandika: tumefika wapi, kilomita ngapi, waliokufa, walioumia, waliopotea, na farasi. Farasi wana safu yao. Alikuwa anajinakilia pembeni, na madaftari hayo anayo mpaka leo kwenye kabati la vyombo. Kazi yangu ni ramani. Kila siku ya vita ramani moja, kwa wino, na kombania ya tatu ni kayai kadogo kenye namba. Mimi ndiye ninayekasogeza. Wiki iliyopita nimewavusha mto mpana kuliko Ruzizi, na hakuna aliyelowana. Bila Josias hakuna anayefika popote.

Wabusu Ladislas na Laurette. Kuhusu shemeji Deusdedit, ni vile vile nilivyokuambia: tuliachana bandarini Kalemie, mzima, anapanda boti ya kwenda kusini. Atatokea tu. Mwalimu hapotei, labda chaki.

Ni mimi, jenerali wako,
Josias


Kambi ya Nyarugusu, Kasulu
19 Aprili 1998

Mdogo wangu Josias,

Barua yako imefika imefunguliwa na kufungwa tena, lakini imefika. Nimefurahi kwamba una kazi ya kukaa kivulini. Ladislas amewaambia darasa zima kwamba mjomba wake ni jenerali, amerudishwa nyumbani kwa uongo. Ujue unachoandika, watoto wanasoma.

Hapa hatujambo. Mvua imebomoa upande mmoja wa nyumba, tumeusimamisha tena.

Sasa nisikilize. Miezi kumi na minane nimeuliza kila mtu anayefika kutoka Kalemie. Wauza samaki, mapadri, wanajeshi waliotupa sare. Hakuna aliyemwona Deusdedit bandarini. Baba mkwe anasema tufanye matanga tumalize. Wazee wenzake wanamkatalia: bila mwili na bila shahidi, matanga ni kumzika mtu aliye hai. Kwa hiyo mimi si mke wala si mjane. Kwenye ofisi ya kambi wanauliza mume yuko wapi, nasema safarini, na yule karani anaandika huku hanitazami.

Wewe ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa naye. Umeniandikia mara nne, na mara zote ni mstari mmoja ule ule. Nataka zaidi ya mstari. Ilikuwa siku gani? Alivaa nini? Boti ilikuwa ya nani? Alisema neno gani?

Na muulize huyo mzee wako kitu. Wale waliopotea, aliowaandika kwenye safu yao: aliwaacha humo muda gani kabla ya kuwahamishia kwa waliokufa?

Dada yako,
Agathe


Umbilo, Durban
24 Mei 1998

Yaya,

Wewe ungefaa kuwa polisi wa uhamiaji. Huyo wa hapa ananiuliza maswali machache kuliko yako, na yeye analipwa.

Haya, andika. Ilikuwa kama tarehe nane Novemba, mwaka ule wa 1996. Shati la bluu la mikono mifupi. Mfuko wa kitambaa begani. Boti ya mbao, injini nyuma, jina limeandikwa ubavuni NEEMA kwa herufi mbaya, mimi ningeliandika vizuri zaidi. Alisema, waambie watoto wasiache shule. Akapanda. Watu walikuwa wanasema wanakwenda Moba, halafu Mpulungu, upande wa Zambia. Umeridhika?

Swali lako nilimpelekea mzee. Ananiongelesha Kiingereza cha kwao, kinachotembea kama mtu aliyevaa buti mpya. Alisema waliopotea hawahamishwi. Ili mtu atoke safu ile aingie safu ya waliokufa, lazima awepo askari aliyeona kwa macho, aseme, na karani aandike jina la aliyesema. Bila shahidi anabaki. Akafungua daftari akanionyesha majina kumi na tisa ya mwezi mmoja tu wa 1944, siku nane ambazo divisheni nzima iliisha. Wote bado wamepotea. Kila mwaka mpaka juzi hapa alikuwa anapata barua za dada zao kutoka Ujerumani, wanauliza kama unavyouliza wewe. Nikamwambia na mimi ninaye dada wa namna hiyo. Akasema dada ni watu wabaya sana kwa karani.

Kazi inaendelea sharp. Tuko 1941, Septemba. Hapa sasa kuna kitu kimenichekesha. Mzee ana ramani mbili za jeshi, za karatasi, zile walizokuwa wanatembea nazo. Ya Julai ina kijiji kinaitwa Luchinka, kwenye njia panda, na pembeni namba 41, maana yake nyumba arobaini na moja. Ya Oktoba njia panda iko pale pale, kijiji hakipo. Karatasi nyeupe. Nikadhani mchoraji wao alikuwa mlevi, nikamwambia mzee, kwetu Uvira mtu wa namna hii tungemtoza soda. Nikamuuliza hiki kijiji kimehamia wapi. Akasema chora Oktoba kama ilivyo. Halafu akaenda jikoni, akakaa huko mpaka nikamaliza kupiga mistari ya mto wote.

Kwenye daftari lake siku nne za Septemba, kombania ikiwa pale njia panda, zimeandikwa hivi, kanitafsiria mwenyewe: hali ya hewa nzuri, hakuna cha kuripoti. Siku nne mfululizo. Mtu anayeandika hata farasi akikohoa.

Nakuletea mchoro wa farasi kwa ajili ya Laurette. Una miguu mitano kwa sababu mmoja ni mkia, usimwambie.

Josias


Kambi ya Nyarugusu, Kasulu
2 Julai 1998

Josias,

Asante. Kumbe ulikuwa nayo yote, umenifanya nikuombe miaka yote hii. Shati la bluu nalikumbuka, nilimshonea mimi.

Nimeamua. Kama boti ilikuwa ya Moba na Mpulungu, basi yuko upande wa Zambia, na barua hazimfikii. Watu wanasema huko Wakongo ni wengi na hawajaandikishwa. Nitapanda meli ya Mpulungu kutoka Kigoma, ya Jumatano tarehe 9 Septemba, na watoto. Kadi za chakula nitazirudisha ofisini, ndiyo sheria. Nafasi za watoto shuleni watapewa wengine. Cherehani nimeshaiuza.

Usinijibu kunizuia. Barua inakwenda wiki tano, na mimi nimekaa vya kutosha.

Agathe


Umbilo, Durban
12 Agosti 1998

Yaya Agathe,

Barua hii inakuja kwa mkono wa Dulla, Mtanzania wa Ujiji anayeleta vinyago hapa na kurudi na vipuri vya magari. Anaondoka keshokutwa kwa lori, halafu treni ya Kigoma. Nimemwapisha kwa mama yake. Ukiisoma kabla ya meli, usipande. Ukiisoma ndani ya meli, shuka kituo cha kwanza. Deusdedit hakufika Kalemie. Hakuna boti. NEEMA niliitunga mimi nikiwa nakula.

Nitakuambia kwa mpango, maana nimejifunza mpango.

Wiki mbili zilizopita mzee alipata barua kutoka kwa kamati ya wazee wenzake. Wanataka ramani za Septemba. Wakasema, kwa adabu sana, ingependeza kombania ya tatu ionekane siku zile nne pamoja na wenzao kwenye kivuko, kilomita ishirini mashariki ya Luchinka, ili mchoro uwe safi. Mzee akanipa barua, akanionyesha kwa kidole mahali pa kuweka kombania. Nikauliza, walikuwa kivukoni kweli? Akasema, weka.

Nikaweka. Yaya, niliweka vizuri mno. Nilisogeza kombania nzima, watu mia moja na themanini, na mishale ya kwenda na ya kurudi, na kituo cha maji cha farasi ambacho hakikuwepo. Mtu angeiangalia angesema, ndiyo, hapa ndipo walipokuwa. Nikaisifia mwenyewe. Halafu nikajiuliza mkono wangu umejifunza wapi kumtoa mtu alipo na kumpeleka pasafi. Jumamosi barua yako ikafika.

Tulipoachana nanyi tulishika njia ya ziwa, mimi na shemeji. Baada ya Mboko watu walipiga risasi kutoka mlimani, sijui nani. Moja ikampata juu ya goti la kulia. Nilimshika bega siku mbili. Tarehe tatu Novemba, asubuhi, tukafika daraja la mto Nyamulinga, kati ya Mboko na Baraka. Mguu ulikuwa umevimba kama mto wa kulalia. Akakaa upande wa kusini wa daraja, mgongo kwenye jiwe la kilomita. Hakuniambia niende, usimsingizie wema huo. Mimi ndiye nilisema: ngoja hapa, natafuta watu wa kukubeba, narudi.

Nikapanda ile njia. Nikakutana na watu wanakimbia, na mimi nikakimbia nao. Jioni nilikuwa Baraka, kuna boti kweli, nikapanda. Sikurudi. Hakuna aliyenizuia kurudi. Nilikuwa na miaka kumi na saba na miguu miwili mizima.

Kwa hiyo ukiniuliza amekufa, sijui. Sikuona. Mimi si shahidi wa kifo, ni shahidi wa jiwe tu.

Nimekuchorea. Ramani iko nyuma ya barua hii: barabara, mto, daraja, jiwe, mashamba ya muhogo mkono wa kushoto, na nyumba tatu za udongo juu kidogo nilizozipita bila kubisha. Ni ramani bora kuliko zote nilizochora mwaka huu, na hii hakuna kitu kilichosogezwa.

Redioni wanasema vita imeanza tena kwetu. Usije ukaenda kutafuta jiwe.

Josias


Kigoma
8 Septemba 1998

Bwana Josias,

Mzigo umefika. Ukae ukijua hii ndiyo mara ya mwisho Dulla kutumwa barua na mtu anayelia huku anatania.

Lori lilikaa mpakani siku sita. Treni nimesimama kutoka Tabora, mguu mmoja wangu, mwingine sijui wa nani. Jana nimefika kambini kwenu, nimeuliza dada Agathe, nikaambiwa kaondoka asubuhi ile na watoto wawili na mabegi. Nikageuka na basi lile lile. Dereva akaniuliza nimesahau nini, nikamwambia akili.

Leo nimemkuta hapa Kigoma, karibu na geti la bandari, kakalia mzigo, tiketi kafunga kwenye ncha ya kitenge. Sikumjua kwa sura. Nilimjua kwa sababu yule mtoto wa kiume anafanana na wewe unapokaribia kudanganya. Nikampa.

Alisoma kasimama. Akageuza nyuma, akaangalia ule mchoro muda mrefu kuliko maandishi. Akakunja. Akamwambia mtoto mkubwa, shusha begi. Kisha akaniuliza mimi, kwa heshima kabisa, kama najua gari la kurudi Kasulu.

Nimewapandisha la saa nane. Jibu hakunipa. Nilimuuliza mara mbili.

Salamu kwa Cathy, mwambie zile nywele za bandia alizoniagiza sijazisahau.

Dulla


Umbilo, Durban
20 Oktoba 1998

Yaya,

Sikuandikii ili unijibu. Naandika kwa sababu nina karatasi.

Baada ya Dulla kuondoka nilikwenda kwa mzee na kuchora Septemba upya. Kombania ya tatu nikairudisha Luchinka siku nne, kayai kwenye njia panda, na kijiji nikakiandika jina na namba 41, na kwenye ramani ya Oktoba nikaandika: palikuwa. Nikamwekea mezani. Nilikuwa nimeshabeba brashi zangu kabisa, kwa kufukuzwa.

Hakunifukuza. Aliitazama mpaka chai ikapoa. Akaniambia yeye hakuingia kijijini. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya shule, pale njia panda, mashine ya taipu juu ya magoti, kwa sababu siku mbili nyuma wapanda pikipiki wawili wa barua waliuawa msituni na amri ilikuwa imeshuka kwamba kijiji kilipe. Alisikia kila kitu. Walipomaliza ofisa akamwambia aandike hali ya hewa. Nikamuuliza, na wewe ukaandika? Akasema:

"Ilikuwa nzuri kweli. Hilo sikudanganya."

Nikaosha kikombe chake.

Kesho yake aliniambia kwenye ile ramani, chini ya 41, niongeze namba nyingine: 163. Nikauliza ni za nini. Akasema ni watu, na kwamba ofisa alimpa hesabu hiyo aiandike, halafu akamwambia asiiandike, na akishaambiwa namba hasahau. Miaka hamsini na saba anatembea na namba. Nimeiandika kwa wino mweusi, herufi za kawaida, bila kivuli.

Usidhani nimekuambia habari ya mtu mwema. Alipoipeleka kwa kamati, wamemjibu kwamba kwa uhaba wa nafasi ramani za Septemba hazitaingia kitabuni. Nilingoja agombe. Alikunja barua, akasema tuendelee na Oktoba. Na tunaendelea. Kitu kimoja tu kimebadilika: njia ya kupeleka chakula inapita njia panda ile mpaka mwaka wa 1942, na kila ramani mpya anagonga kidole pale, nami naandika Luchinka. Iko kwenye ramani thelathini na mbili sasa. Watachoka kuzitoa.

Cathy anasema nimekuwa mtu wa kimya na wateja wanauliza kama naumwa. Nimemchorea kichwa cha saba bure.

Nikikukosea hata kwa kuandika, nitumie karatasi tupu, nitaelewa.

Josias


Kambi ya Nyarugusu, Kasulu
29 Novemba 1998

Josias,

Barua zako zote mbili ninazo.

Tulirudi. Kadi tumerudishiwa baada ya wiki tano, wiki hizo tulikula kwa majirani. Laurette amepata nafasi shuleni, Ladislas bado.

Ramani yako nilikaa nayo siku saba bila kumwonyesha mtu. Siku ya nane nikampelekea katekista. Jumapili baada ya misa akauliza kanisani, je, kuna mtu hapa wa daraja la Nyamulinga, upande wa kusini? Wakasimama watu kumi na mmoja.

Soma tena hapo. Kumi na mmoja. Wako mstari wa pili kutoka nyumba yangu. Mmoja wao ni Mama Ninahazwe, Mrundi aliyeolewa kwenye zile nyumba tatu za udongo ulizochora. Nachota naye maji bomba moja tangu mwaka jana Februari. Ameniazima ndoo. Nimemshonea sare ya mtoto. Mimi nilikuwa nawauliza watu wa Kalemie, kwa sababu wewe uliniambia Kalemie, na yeye hakuwa na sababu ya kunieleza habari za mwalimu mmoja mwenye mguu mbaya. Kama ungeandika daraja mahali pa bandari, ningejua kwa siku moja.

Walimbeba Deusdedit jioni ile ile, juu ya mlango, wakamlaza jikoni kwa Ninahazwe. Aliishi siku tisa. Mguu ulioza. Alikuwa na akili zake mpaka mwisho, akimfundisha mtoto wa Ninahazwe kusoma kwenye karatasi ya sabuni. Kila siku aliuliza kama kuna kijana amekuja na watu wa kumbeba. Siku ya saba aliacha kuuliza. Nimemuuliza Ninahazwe mara tatu, na mara tatu amesema siku ya saba. Siongezi wala sipunguzi. Wamemzika nyuma ya jiko, wakaweka mawe.

Ninahazwe ametoa ushahidi mbele ya wazee na mbele ya ofisi ya kambi, kidole chake kiko kwenye karatasi. Matanga tumeyakaa siku tatu, tumeyamaliza Jumamosi. Baba mkwe alilia kama mtu aliyeruhusiwa. Ofisini wamemtoa safarini. Karani ameandika mjane, na safari hii alinitazama.

Kuhusu wewe, baba mkwe anasema ulikuwa mtoto. Ninahazwe anasema siku ile hata mbwa walikimbia. Mimi nawasikia wote wawili. Sijasema chochote bado, hata kwangu mwenyewe. Nikisema nitakuandikia. Usiniharakishe, na usinichekeshe.

Watoto nimewaambia yote, kwa sababu wangeambiwa bombani. Ladislas akauliza kama anaweza kukuandikia. Nikamwambia ndiyo. Alikaa na kalamu tangu baada ya chakula mpaka wenzake walipokuja kumwita mpira, akaniachia karatasi akaenda. Ameandika, "Mjomba Josias," na mkato. Nimeitia humu ndani kama ilivyo.

Agathe